Wanawake Kumi na Watano

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachobeba kazi mbili. Shairi hutungwa, na mimba hutungwa. Ushanga nao hutungwa, punje baada ya punje, uzi ukipita katikati. Mtunzi wa tungo na mwanamke mwenye mimba changa wamepewa neno moja, kana kwamba wahenga walitambua kwamba wote wawili wanaunganisha vitu vidogo vidogo gizani, bila ya hakika kwamba uzi utafika mwisho.

Hata hivyo, ushirika huo ni wa mwanzo tu. Shairi lililopotoka vina hufutwa na kutungwa upya usiku huohuo, wala hakuna ajuaye. Mimba ikikatika, lugha hubadili sauti. Husemwa kwamba imeharibika, kama chakula kilicholala. Au imetoka, kama mgeni aliyeondoka bila kuaga. Au imeporomoka, kama ukuta wa udongo wakati wa masika. Maneno yote matatu yanakitaja kilichoondoka. Hakuna hata moja linalomtaja aliyebaki.

Aliyebaki, katika habari hii, ni mwanamke mmoja wa Kabwe. Jina lake halina haja ya kutajwa. Kabwe ni kijiji cha bandari kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, katika wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa. Kwa msomaji wa visiwani, pengine ni jina lililo mbali. Lakini angefika pale alfajiri angeyatambua mengi: mitumbwi iliyovutwa mchangani, harufu ya dagaa wanaoanikwa, wanawake wanaosubiri vyombo virudi, na watu wa makabila mengi waliokutanishwa na maji na kuelewana kwa Kiswahili. Ng'ambo ya pili ni Kongo. Nyuma ya kijiji ardhi inapanda kuelekea nyanda za juu za Ufipa, na anayetoka ziwani hadi mji wa Sumbawanga huwa amepanda zaidi ya mita 1,000 kwenda juu, kutoka kwenye joto la ufukweni hadi kwenye baridi inayohitaji sweta.

Mwanamke huyo alikuwa na umri wa miaka 31 mwaka 2024, na alikuwa ameolewa na mvuvi. Alikuwa amepoteza mimba tatu: ya kwanza mwaka 2019, ya pili mwaka 2021, ya tatu mwaka 2022. Hakuna hata moja iliyovuka wiki ya kumi na moja. Ya kwanza ilitoka nyumbani, kabla hajapewa kadi ya kliniki, na kwa hiyo haikuandikwa katika daftari lolote. Wala haikuzikwa kwa jina. Mashoga zake walimpa pole kwa siku mbili, na siku ya tatu walimtarajia ufukweni akianika dagaa kama kawaida. Mimba changa ina msiba usio na matanga.

Baada ya mimba ya pili watu walinyamaza. Baada ya ya tatu walianza kusema, lakini si mbele yake. Mama mkwe wake, ambaye kwao ni juu, upande wa Namanyere, alisema wazi zaidi kuliko wengine: mwanamke hawezi kuangusha mara tatu bila ya mkono wa mtu. Jambo hili lina uchungu wake katika mkoa huu, kwa kuwa jina la mji mkuu wake, Sumbawanga, hufasiriwa na wenyeji kuwa ni amri: tupa uchawi. Mji umebeba amri hiyo kila siku katika mabango ya mabasi, na bado mwanamke aliyepoteza mimba huulizwa ni nani aliyemkosea, au yeye amemkosea nani.

Si Ufipa peke yake. Pwani nako mimba changa hufichwa, kwa hofu ya kijicho, na anayeulizwa hujibu kwamba ana homa. Majina yetu yamehifadhi kumbukumbu ya hofu hiyo. Tabu, Shida, Mashaka, Majaliwa: aghalabu nyuma ya majina haya kuna habari ya mama iliyotangulia kuzaliwa kwa mtoto. Siwatu ni jina la kuficha. Linaiambia mauti kwamba hapa hakuna mtu wa kuchukuliwa, ipite. Waliompa mtoto jina hilo walikuwa wamekwisha kuzika, au wamekwisha kupoteza kile ambacho hakizikwi.

Mwaka 2021, jarida la utabibu la The Lancet lilichapisha hesabu iliyokadiria kwamba mimba zipatazo milioni 23 huharibika duniani kila mwaka, yaani takriban mimba 15 katika kila 100 zinazotambulika. Kwa hesabu hiyo, kupoteza mimba moja si ajabu wala si aibu. Kupoteza tatu ni jambo la wachache zaidi, na ndilo linalomfanya mwanamke aanze kuutazama mwili wake kama nyumba yenye mlango usiofungika.

Juni 2024 alikuwa na mimba ya nne. Hakumwambia mtu isipokuwa mume wake. Tarehe 20 ya mwezi huo, kwa hesabu yake wiki ya nane, aliamka akaona damu.

Mwaka huo ziwa lilikuwa limefungwa. Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, nchi nne zinazoligawana Ziwa Tanganyika, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana. Mitumbwi ililala. Taa za wavuvi, ambazo usiku huonekana majini kama mji wa pili, zilizimwa. Watu walielewa sababu, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wameona dagaa na migebuka wakipungua mwaka hadi mwaka. Lakini kuelewa hakujazi chungu. Katika nyumba ya mvuvi, miezi mitatu bila ziwa ni miezi mitatu bila fedha, na damu ile ilikuja katikati ya miezi hiyo.

Walipanda juu kwa basi, yeye na mume wake, akiwa amejifunga kanga mbili na kukaa kando ya dirisha bila kusema neno. Hospitalini alilazwa kitandani, akapakwa mafuta baridi tumboni, na daktari akageuza kioo cha utrasaundi ili aone. Mimba ilikuwa ndani ya mfuko wa uzazi, mahali pake. Katikati yake kulikuwa na kitu kidogo kinachopepesa, upesi kuliko pigo la moyo wa mtu mzima. Katika mimba tatu zilizotangulia hakuwahi kuona hivyo. Hakuwahi kufika kwenye kioo kabla ya mambo kwisha.

Alipimwa damu kwa malaria, kaswende na upungufu wa damu, kwa kuwa hayo ni miongoni mwa mambo ambayo huathiri mimba na ambayo yana dawa inayojulikana. Hakukutwa na lolote. Ndipo daktari alipomwandikia projesteroni: miligramu 400 asubuhi na 400 usiku, vidonge laini vya kuingizwa ukeni, hadi mimba itimize wiki 16.

Mtaani dawa za namna hii huitwa dawa za kushikilia mimba. Jina hilo lina matumaini mengi kuliko dawa yenyewe. Daktari alilijua hilo, na alimwambia maneno ambayo mwanamke yule aliyashika: "Mama, hii si kamba ya kufungia mimba. Ni msaada. Kuna wanaosaidika, na kuna ambao hautawafaa."

Ni msaada wa namna gani, na kwa nani? Swali hilo lina historia ndefu.

Mwaka 1672, tabibu Mholanzi Regnier de Graaf alieleza vivimbe vya rangi ya manjano alivyoviona katika ovari za wanyama waliobeba mimba. Kila yai linapotoka kwenye ovari, pale lilipotoka hubaki kovu linalogeuka kuwa tezi ndogo, na wataalamu wakaiita kwa Kilatini mwili wa manjano. Kwa muda mrefu haikujulikana kazi yake. Mwaka 1929, George Corner na Willard Allen, katika Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani, waliwaondolea sungura wenye mimba ovari zao, mimba zikafa. Kisha wakawadunga sungura wengine waliofanyiwa hivyohivyo kwa dondoo la miili ile ya manjano, mimba zikaishi. Mwaka 1934 kemikali yenyewe ilipatikana ikiwa safi, katika maabara zaidi ya moja, na baadaye ikapewa jina lililoungwa kwa Kilatini: kitu kilicho kwa ajili ya kubeba. Mfasiri hana kazi kubwa hapo. Kiswahili nacho husema mwanamke amebeba mimba.

Kazi ya projesteroni ni kuuandaa ukuta wa mfuko wa uzazi uwe laini na wenye lishe, na kuutuliza mfuko wenyewe usijikaze. Mimba inapoanza, hupeleka ishara ya kemikali kwenye mwili wa manjano, kuuambia usikauke. Kwa wiki saba hadi tisa za mwanzo, tezi hiyo ndogo ndiyo inayoilinda mimba, mpaka kondo linapokua na kuichukua kazi. Kwa hiyo kuna kipindi cha wiki chache ambapo maisha ya mtu mzima wa kesho yanategemea kovu.

Mwanzoni dawa hii ilipatikana kwa taabu kubwa mno: ovari za maelfu ya nguruwe kwa miligramu chache. Msomaji wa pwani atauliza kama hali ndiyo hiyo hadi leo. Sivyo. Mapema katika miaka ya 1940 mkemia Mmarekani, Russell Marker, alikwenda Meksiko kutafuta jamii ya viazi vikuu vya mwituni, akagundua njia ya kutengeneza projesteroni kutokana na mizizi yake, na kwa muda mfupi akapata kilo ambazo awali zingehitaji machinjio ya dunia nzima. Tangu hapo projesteroni ya dawa hutengenezwa kutokana na mimea, kama viazi hivyo na soya. Kile ambacho kovu dogo hutengeneza katika tumbo la mwanamke, kiazi nacho kina mali ghafi yake chini ya udongo.

Baada ya kujulikana kwamba mimba haiwezi kuishi bila projesteroni, hitimisho lilionekana jepesi: anayepoteza mimba amepungukiwa nayo; na aongezewe. Lakini hapa ndipo fikra nyepesi ilipowapoteza watu. Takriban nusu ya mimba zinazoharibika mapema zina kasoro katika kromosomu, yaani maandishi yenyewe ya urithi yaliandikwa vibaya tangu mwanzo. Mimba ya namna hiyo inapoanza kufa, ishara hukoma, mwili wa manjano hukauka, na projesteroni hushuka. Anayepima damu wakati huo atakuta imepungua, naye atadhani amepata sababu, kumbe ameona matokeo. Ni sawa na kulaumu taa kuzimika kwamba ndiyo iliyomaliza mafuta.

Tena kulikuwa na funzo la kutisha. Mwaka 1938 ilitengenezwa dawa nyingine, diethylstilbestrol, inayoiga homoni ya estrojeni. Madaktari wa Marekani na Ulaya waliwapa wanawake wengi wajawazito waliokwisha kupoteza mimba. Mwaka 1953 jaribio lililofanyika Chicago lilionyesha kwamba haikuzuia mimba kuharibika hata kidogo. Hata hivyo iliendelea kuandikwa, kwa kuwa daktari aliona vigumu kumrudisha mwanamke mikono mitupu, na mwanamke aliona vigumu kurudi hivyo. Mwaka 1971 ikabainika kwamba baadhi ya mabinti waliozaliwa na wanawake hao walikuwa wakipata saratani adimu ya uke. Huruma isiyopimwa ilikuwa imewadhuru watoto ambao ilidhani inawaokoa.

Ndiyo maana swali la projesteroni lilihitaji jibu la kweli, na jibu hilo lilichelewa. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililoitwa PROMISE, lililofanyika Uingereza na Uholanzi. Wanawake 836 waliowahi kupoteza mimba tatu au zaidi, bila sababu iliyojulikana, waligawanywa kwa kura: nusu walipewa projesteroni, nusu vidonge vitupu visivyo na dawa, na hakuna aliyejua amepewa kipi. Waliopata projesteroni walijifungua watoto hai kwa asilimia 65.8. Waliopata vidonge vitupu, asilimia 63.3. Tofauti ilikuwa ndogo mno kuweza kuaminiwa.

Wengi walilisoma jaribio hilo kama habari mbaya. Lakini namba ya pili inastahili kusomwa polepole. Wanawake hao walikuwa wamepoteza mimba tatu, nne, wengine zaidi. Wakapewa vidonge visivyo na kitu. Na 63 kati ya kila 100 walijifungua. Lau namba hiyo ingefika Kabwe mwaka 2022, ingeweza kusemwa mbele ya wale walionong'ona: aliyepoteza tatu hajafungiwa mlango.

Mwaka 2019 likafuata jaribio kubwa zaidi, PRISM, la wanawake 4,153 nchini Uingereza waliotokwa na damu katika wiki 12 za mwanzo. Kwa wote kwa jumla, tofauti ilikuwa ndogo: asilimia 75 kwa 72. Kwa wale ambao hawakuwahi kupoteza mimba, dawa haikuongeza kitu. Lakini kadiri hasara za nyuma zilivyoongezeka, ndivyo dawa ilivyoonekana kusaidia zaidi. Na kwa wale waliokwisha kupoteza mimba tatu au zaidi, ambao sasa walikuwa wakitokwa na damu, 72 kati ya 100 waliopata projesteroni walijifungua, dhidi ya 57 waliopata vidonge vitupu. Kundi hilo lilikuwa dogo, chini ya wanawake 300, na mtafiti mwangalifu hukumbusha kwamba kundi dogo ndani ya jaribio kubwa husomwa kwa tahadhari. Hata hivyo, Novemba 2021, taasisi ya NICE inayotoa miongozo ya tiba Uingereza ilipendekeza projesteroni kwa mwanamke mwenye mambo mawili kwa pamoja: damu katika mimba ya sasa, na angalau mimba moja iliyopotea nyuma. Kiwango ni kilekile alichoandikiwa mwanamke wa Kabwe.

Basi na wahesabiwe wanawake 100 kama yeye, wamesimama ufukweni alfajiri. Hamsini na saba watajifungua hata wasipopewa dawa. Ishirini na wanane watapoteza mimba hata wakipewa, wengi wao pengine kwa kuwa kasoro ilikuwa katika maandishi, wala projesteroni haisahihishi maandishi. Wanabaki kumi na watano. Hao ndio ambao dawa inawahusu. Bila dawa wangepoteza. Kwa dawa watazaa.

Hakuna kipimo cha kuwatambua. Wamechanganyika na wenzao, wamevaa kanga zilezile, na damu yao ni ileile. Ili kuwafikia kumi na watano, sharti wote mia wapewe, na themanini na watano watumie dawa ambayo kwao haitabadili lolote. Nao waliohesabiwa walikuwa wanawake wa Uingereza, si wa ufuko wenye malaria. Haya yote ni kweli, na kweli hiyo haiwezi kufupishwa kuwa tangazo. Inaweza tu kusemwa kama alivyosema yule daktari: kuna wanaosaidika.

Ilibaki hesabu nyingine, ya duka la dawa. Kutoka 20 Juni hadi 15 Agosti ni siku 56. Vidonge vilivyopatikana vilikuwa vya miligramu 200, hivyo vinne kwa siku, na jumla yake ni 224. Fedha waliyokuwa nayo ilitosha siku tisa. Mume alitaka kuuza nyavu. Mwanamke alikataa, ziwa likifunguliwa, mvuvi asiye na nyavu ni msafiri tu ufukweni.

Aliyeleta jibu ni mama mkwe. Alikuwa ameambiwa habari ya ile picha ya kioo, ya kile kitu kinachopepesa, na alikaa nayo siku nzima bila kuitolea neno. Huko juu alikuwa na shamba la mahindi, na mavuno yalikuwa ndiyo kwanza yamekwisha. Kila mkulima wa Ufipa anajua kwamba mahindi ya Juni huuzwa na mwenye shida; mwenye uwezo huyahifadhi hadi Januari, bei inapopanda. Mama yule aliuza magunia yake Juni. Alipokabidhi fedha, mwanamke alijaribu kukataa, kwa kuwa alijua thamani ya kile kilichopotea katika bei.

"Pokea, mwanangu," alisema mama mkwe. "Mahindi yatalimwa tena."

Hakuomba radhi kwa maneno ya zamani, wala hakuna aliyemdai. Habari ya mkono wa mtu haikutajwa tena ndani ya nyumba hiyo.

Wiki nane zilizofuata hazikuwa na tukio, na ndilo jambo lililoombwa. Damu ilipungua, ikakoma, ikarudi siku moja kidogo, ikakoma tena. Dawa ilimletea usingizi mzito na maumivu ya matiti. Asubuhi na usiku alijifungia, akatia vidonge vyake, akalala chali robo saa akitazama mabati. Daktari alikuwa amemwambia kwamba kulala kutwa nzima hakuzuii mimba kutoka, na kwamba kazi ndogondogo hazina dhara. Lakini alitembea kama mtu aliyebeba maji katika sahani. Pakiti tupu hakuzitupa. Alizipanga ndani ya bati la biskuti, moja juu ya nyingine, na hiyo ndiyo kalenda aliyoiamini.

Msomaji wa mashairi atakuwa amekwisha kuona kwamba damu ilikuja wiki ya nane, na dawa ilikoma ya kumi na sita. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani kumi na sita, na katika ya nane kuna kituo, ambapo sauti hupumua kabla ya kuvuka. Mwanamke yule hakuwa akiwaza mizani. Lakini alijua ni kitu gani kusimama katikati ya mstari usiojulikana kama utakamilika.

Tarehe 15 Agosti 2024 alitumia vidonge vya mwisho. Siku hiyohiyo kufungwa kwa ziwa kulifika ukomo. Mume wake alikuwa amekwisha kushona nyavu na kuziba mtumbwi, na alipoondoka kwenda majini mwanamke alisimama ufukweni pamoja na wake za wavuvi wengine, tumbo lake sasa likiwa halifichiki. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mmoja alimsogezea ndoo akae.

Mtoto alizaliwa Januari 2025, wa kike, siku chache kabla ya tarehe aliyotarajiwa. Ni mwezi ambao mahindi yana bei.

Kisa kama hiki kingekwisha hapo kwa kuisifu dawa, na wengi wangefurahi. Lakini yule mwanamke hajui kama alikuwa miongoni mwa wale hamsini na saba ambao wangezaa hata hivyo, au miongoni mwa kumi na watano. Daktari hajui. Hakuna atakayejua, kwa kuwa hakuna awezaye kurudi 20 Juni na kuishi wiki hizo nane bila ya dawa ili alinganishe. Na kuna wengine ishirini na wanane, waliotumia vidonge vilevile kwa uaminifu uleule, ambao kisa chao hakina Januari. Hawakukosea saa, hawakupungukiwa imani, wala hawakurogwa. Kwa ajili yao hasa ndiyo maana namba hizi zinapaswa kusemwa zote, bila kubakisha. Dawa ikisifiwa kuliko inavyostahili, aliyeitumia na bado akapoteza ataambiwa, au atajiambia, kwamba kosa ni lake.

Walipofika kwenye jina, mume alipendekeza Majaliwa. Mama mkwe alitaka la ukoo wake. Mwanamke alikaa kimya muda mrefu. Majina ya kuficha alikuwa nayo mengi kichwani, yale ya kuiambia mauti ipite, na hakutaka hata moja. Alitaka mtoto wake aitwe kwa jina la mtu anayetarajiwa kuonekana. Mwishowe aliridhia jina la upande wa mama mkwe, lakini akaomba jambo moja: mtu akiuliza huyu ni mtoto wa ngapi, ajibiwe kwamba ni wa nne.

Watu wa Kabwe wamelizoea jibu hilo. Wageni huangalia nyumba, huwatafuta wale watatu, na hawawaoni. Mama huwaacha watafute kidogo, kisha huendelea kuanika dagaa.